Mgeni wa Majini
Tuwalinde samaki wa asili wa vijito na malambo yetu

Wahenga walisema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mgeni akifika nyumbani kwako unamkaribisha. Unampa maji, unampa chakula. Siku zikipita anashika jembe na kulima pamoja nawe. Akitaka kurudi kwao, unamsindikiza.

Lakini yuko mgeni wa namna nyingine. Huyu huingia majini. Akishaingia, hashiki jembe wala haagi. Anakula chakula cha wenyeji. Pengine anawala wenyeji wenyewe. Anazaa humo humo, na watoto wake nao wanazaa.

Katika somo hili tutasoma habari za wageni wa majini. Kwanza tutaona jinsi walivyoingia katika Ziwa Victoria. Kisha tutaangalia vijito na malambo ya vijijini, ambako baadhi ya samaki wa asili wamebaki. Mwisho tutajifunza mambo ambayo mwanakijiji anaweza kuyafanya.

1. Wenyeji wa maji yetu

Samaki wa asili ni samaki ambaye mababu zetu walimkuta majini. Hakuletwa na mtu.

Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunao wenyeji wengi. Wako ngege, mbiru, ningu, kambare, kamongo, gogogo, domodomo, dagaa na furu. Majina hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Pengine kijijini kwako mnawaita kwa majina mengine.

Furu ni samaki wadogo, lakini aina zao ni nyingi mno. Wataalamu wanakisia kuwa katika Ziwa Victoria peke yake zilikuwako aina zipatazo 500. Nyingi kati ya hizo hazikupatikana mahali pengine popote duniani. Kila aina ilikuwa na chakula chake. Wako waliokula matope ya chini. Wako waliokula mimea midogo ya majini. Wengine walikula wadudu, na wengine walivunja konokono.

Furu na ngege hulea watoto kwa namna ya ajabu. Jike hutaga mayai, kisha huyachukua na kuyaweka mdomoni. Mayai huanguliwa humo humo. Watoto wakitoka kutembea na kuona hatari, hukimbilia tena mdomoni mwa mama. Samaki wa namna hii hatagi mayai mengi, lakini huyalinda. Ukimvua jike wakati huo, umevua na watoto wake.

Ningu naye ana tabia yake. Huishi ziwani, lakini mvua zikinyesha hupanda mito ili akatage. Kwa hiyo usikidharau kijito kinachopita nyuma ya shamba lako. Huenda ndicho chumba cha uzazi cha samaki wa ziwani.

2. Jinsi ziwa lilivyopokea wageni

Zamani ngege ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa chakula na wa soko. Watu walimvua kwa migono na kwa nyavu za kienyeji. Mwaka 1905 nyavu za kutega kutoka ng'ambo zilianza kutumika upande wa Kenya. Nyavu hizo zilivua samaki wengi kwa kazi ndogo. Matumizi yake yakaenea.

Katika mwaka 1927 na 1928 mtaalamu mmoja Mwingereza, Michael Graham, alilichunguza ziwa. Aliona kuwa ngege wanapungua. Alishauri watu watumie nyavu zenye macho ya inchi 5, ili samaki wachanga wapite. Lakini miaka ilivyokwenda, nyavu za macho madogo ziliongezeka, na ngege wakazidi kupungua.

Hapo watawala wa kikoloni walitafuta njia ya mkato. Badala ya kuwangoja ngege wazaliane, waliona afadhali walete samaki wengine. Katika miaka ya 1950 wakaletwa sato kutoka maji mengine. Kuanzia mwaka 1954, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakaletwa sangara. Wako wataalamu walioonya mapema. Mmoja wao ni Geoffrey Fryer, aliyeandika mwaka 1960 kupinga kuletwa kwa sangara. Maonyo hayo hayakufuatwa.

Kwa miaka karibu ishirini hapakuonekana shida kubwa. Sangara walikuwa wachache. Watu walidhani kuwa mgeni huyu ni mpole.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mambo yakabadilika ghafla. Sangara wakajaa ziwani. Sangara mkubwa huweza kufikia urefu wa meta 2 na uzito wa kilo 200. Jike mkubwa hutaga mamilioni ya mayai. Chakula chake kikawa furu. Furu, ambao zamani walijaa kila nyavu iliyovutwa, wakatoweka katika sehemu nyingi za ziwa kwa muda wa miaka michache tu. Wataalamu wanakisia kuwa aina kama 200 za furu zimepotea.

Tuseme kweli: sangara hakufanya kazi hiyo peke yake. Udongo kutoka mashambani na uchafu kutoka mijini uliingia ziwani. Maji yakageuka kijani, na mwanga ukapungua. Furu jike humchagua dume kwa kuangalia rangi yake. Maji yakiwa machafu, hawezi kuziona rangi vizuri. Hapo aina moja huchanganyika na nyingine.

Na sato je? Yeye hakuwameza ngege kama sangara alivyowameza furu. Aliwapokonya chakula na mahali pa kuzalia. Tena alizaa nao. Watoto wao ni machotara. Leo ngege na mbiru ni adimu sana katika ziwa kubwa.

Labda utauliza: "Machotara wana ubaya gani? Mbona tunapandisha ng'ombe wa kienyeji kwa dume la kisasa, tukapata maziwa mengi?" Swali hilo ni zuri. Lakini ng'ombe yuko zizini. Wewe ndiwe unayechagua dume lipi limpande jike lipi. Ukitaka, unabakiza ng'ombe wengine wa kienyeji bila kuwachanganya. Majini hakuna zizi wala mchungaji. Mchanganyiko ukianza, huendelea mpaka ngege halisi wakaisha.

3. Faida na hasara

Mtu mwenye haki huhesabu pande zote mbili. Sangara alileta fedha. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Musoma, Kisumu, Entebbe na kwingineko. Samaki wakasafirishwa hadi Ulaya. Watu wengi walipata kazi, na nchi ikapata fedha za kigeni. Sato naye analiwa na kuuzwa kila siku. Hatuwezi kuyakana mambo hayo.

Sasa tuhesabu hasara. Mnofu wa sangara ulikwenda mbali. Watu wengi wenye kipato kidogo walibaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki kiwandani. Furu aliweza kukaushwa kwa jua tu, juu ya mawe au mchanga. Sangara ana mafuta mengi. Hakauki vizuri kwa jua, ni lazima abanikwe au akaangwe. Kwa hiyo kuni nyingi zaidi zikahitajika, na miti ikakatwa. Akina mama waliokuwa wakianika na kuuza furu walipoteza biashara yao.

Baadaye sangara naye alivuliwa kupita kiasi. Alipopungua, aina chache za furu zilianza kuongezeka tena. Hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini aina iliyokwisha kabisa haiwezi kurudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

4. Wenyeji waliobaki wako wapi?

Hatuwezi kumtoa sangara katika Ziwa Victoria. Ziwa lile lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800. Nani atalichuja? Lakini yako maji ambayo mgeni hajayafikia, au ameyafikia kidogo. Humo ndimo wenyeji walimojificha.

Mahali pa kwanza ni penye mafunjo na matete. Ndani ya mafunjo maji yana hewa kidogo. Sangara anahitaji hewa nyingi, kwa hiyo hapendi kuingia humo. Baadhi ya furu huweza kuvumilia hewa kidogo. Kamongo ndiye hana shida kabisa, maana hupanda juu akavuta pumzi. Mafunjo ni ngome ya wanyonge. Ukiyafyeka mafunjo yote hadi ukingoni, umembomolea mgeni mlango.

Mahali pa pili ni maziwa madogo yaliyo kando ya ziwa kubwa. Mfano ni Ziwa Kanyaboli, lililo katika vinamasi vya mto Yala nchini Kenya. Humo ngege na furu walisalia hata walipokuwa wameadimika katika ziwa kubwa.

Mahali pa tatu ni malambo na vijito. Lambo lililochimbwa kwa ajili ya kunywesha ng'ombe huweza kuwa ghala la mbegu ya samaki wa asili. Pengine lambo hilo ni la kijiji chako.

5. Mgeni huingiaje?

Mgeni wa majini hana miguu. Mara nyingi huingizwa na watu, nao hawana nia mbaya. Njia zake ni hizi:

(a) Kumwaga vifaranga. Mtu amenunua vifaranga vya samaki kwa ajili ya bwawa lake. Vimezidi. Anaona huruma kuvitupa, anavimwaga kijitoni.

(b) Mafuriko. Bwawa limechimbwa bondeni, karibu na kijito. Mvua za masika zinajaza bwawa, maji yanapita juu ya tuta, na samaki wanakwenda nayo.

(c) Kufungulia maji ya bwawa. Mwenye bwawa anataka kulisafisha. Anafungua bomba bila kuweka wavu. Vifaranga vinatoka na maji.

(d) Chambo hai. Mvuvi amebeba samaki wadogo kwenye ndoo ili wawe chambo. Jioni wanaobaki anawamwaga katika maji mengine.

(e) Vyombo na nyavu. Hii ndiyo njia ya gugu maji. Gugu hili asili yake ni Amerika Kusini. Lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Lina maua mazuri ya zambarau, na kwa sababu ya uzuri huo watu wamelibeba duniani kote. Kipande kidogo kikinasa kwenye mtumbwi au wavu, kinaweza kuota mahali papya. Likitanda, samaki walio chini yake hukosa mwanga na hewa.

6. Tuseme lambo ni lenu

Ndugu msomaji, tuseme kijiji chako kina lambo. Kijito kidogo hulijaza wakati wa mvua na kutoka upande wa pili. Humo mna samaki wadogo wa asili. Watoto huwavua kwa ndoano, na akina mama hupata kitoweo.

Siku moja kijana anasimama katika mkutano wa kijiji. Anasema: "Mzee Mwenyekiti, samaki wetu ni wadogo. Vijiji vingine wanafuga sato na kupata fedha. Tununue vifaranga, tuvimwage lamboni. Baada ya miezi michache tutauza."

Kijana huyu si mjinga. Anataka maendeleo. Mkimcheka na kumkalisha chini, mtakuwa mmemkosea.

Mzee mmoja anajibu: "Mwanangu, fedha tunazihitaji. Lakini kijito kinachotoka hapa kinakwenda wapi? Kinapita vijiji vingine. Tukimwaga samaki hapa, tumewamwagia na jirani zetu bila kuwauliza."

Mama mmoja anaongeza: "Hawa wadogo nawapata bila kununua. Wakiisha, na huyo mkubwa akapelekwa mnadani, mtoto wangu atakula nini?"

Afisa uvuvi naye anaombwa aseme. Anawaeleza kuwa si lazima wachague kimoja na kuacha kingine. Wanaweza kufuga samaki katika mabwawa ya kuchimba, mbali na kijito, mahali ambapo mafuriko hayafiki. Mabwawa yawe na matuta marefu, na bomba liwe na wavu. Tena wanaweza kumfuga kambare, ambaye ni mwenyeji wa maji haya. Lambo liachwe na samaki wake wa asili.

Je, kijana amekosa? Hakukosa. Atapata bwawa lake na fedha zake. Mama atapata kitoweo chake. Na kijiji cha jirani hakitapokea mgeni ambaye hakikumwalika.

7. Tufanye nini?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mgeni wa majini hata ukuta haujengeki. Kwa hiyo tuzibe ufa mapema:

- Usimwage samaki hai katika kijito, mto, lambo au ziwa bila kumwuliza afisa uvuvi. Sheria za uvuvi zinataka kibali kabla ya kuingiza samaki wageni.

- Vifaranga vikizidi, mpe jirani mwenye bwawa lililo salama. Asipopatikana, wafukie au wape kuku.

- Chimba bwawa mbali na njia ya mafuriko. Waulize wazee maji yalifika wapi mwaka ule wa mvua kubwa kuliko zote.

- Weka wavu wa macho madogo kwenye bomba la kuingizia na la kutolea maji. Ukague kila juma.

- Chambo hai kikibaki, kiue. Usikimwage.

- Kabla ya kuhamisha mtumbwi au wavu kutoka maji mamoja kwenda mengine, usafishe na uuanike juani mpaka ukauke.

- Ukiona gugu maji kijitoni, ling'oe lote pamoja na mizizi, tena kabla halijatoa maua. Lipeleke nchi kavu, mbali na maji, likauke. Baada ya majuma machache rudi ukaangalie, kwa sababu mbegu zake hukaa katika matope kwa miaka mingi. Mtu asiingie katika maji yenye mamba, viboko au kichocho. Wambie viongozi na afisa uvuvi kwanza.

- Bakiza mafunjo na matete kwenye kingo. Usilime hadi majini.

- Usivue kwa kokoro wala kwa sumu. Mwenyeji aliyedhoofishwa na uvuvi mbaya hushindwa upesi na mgeni.

- Ukivua samaki usiyemjua, usimrudishe majini. Mwonyeshe afisa uvuvi au kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU.

Utamtambuaje sato? Tazama mkia wake. Sato ana mistari myembamba iliyosimama, iliyopangwa vizuri mkiani. Ngege hana mistari hiyo. Lakini machotara huchanganya macho, kwa hiyo ukiwa na shaka uliza.

Maneno mapya

Chotara: mtoto aliyezaliwa na wazazi wa aina mbili tofauti.
Kibali: ruhusa ya maandishi inayotolewa na serikali.
Kingo: pande za mto, kijito au ziwa.
Lambo: bwawa kubwa la kuhifadhi maji, hasa ya mifugo.
Mafunjo: mimea mirefu ya majini yenye kichwa kama ufagio.
Mapanki: kichwa na mifupa ya sangara baada ya kutolewa minofu.
Vifaranga vya samaki: samaki wachanga wa kupandikiza bwawani.

Maswali

1. Samaki wa asili ni samaki wa namna gani? Taja watano.
2. Kwa nini samaki wageni waliletwa katika Ziwa Victoria?
3. Sangara waliwadhuru furu kwa njia gani? Sato waliwadhuru ngege kwa njia gani?
4. Kwa nini sangara hapendi kuingia katika mafunjo?
5. Ungekuwa katika mkutano ule wa kijiji, ungesema nini?

Hesabu

Tuseme kijito kina samaki wadogo 600. Mgeni mmoja anakula samaki 4 kila siku. Katika siku 30 atakula samaki wangapi? Wageni wakiwa 10, watakula samaki wote 600 kwa siku ngapi?

Kazi ya darasa

Nendeni pamoja kwenye kijito au lambo lililo karibu. Waombeni wazee wawili au watatu waende nanyi. Andikeni majina ya samaki waliokuwako walipokuwa watoto. Kisha andikeni majina ya samaki wanaovuliwa sasa. Linganisheni orodha hizo mbili. Ni nani hayumo tena? Ni nani ameongezeka, na aliletwa na nani? Orodha zote mbili wekeni katika ofisi ya kijiji. Kila mwaka baada ya masika, zisomeni tena na kuongeza mliyoyaona.